Kwa nini bunduki kuukuu za Bonde la Ufa zimekosa risasi

BUNDUKI iliyotunzwa vyema yaweza kuishi kuliko aliyeinunua, mwanawe na mjukuu wake. Chuma chake kikipakwa mafuta na mbao zake zikikingwa dhidi ya mchwa na unyevu, hata baada ya miaka mia moja hufunguka na kufungika barabara. Risasi yake haina umri huo. Siku kiwanda cha mwisho kinapoacha kuitengeneza, bunduki hiyo, hata ingekuwa nzima kiasi gani, haina tofauti kubwa na rungu.

Eneo la kati la Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha na Gilgil hadi Nakuru, Njoro na Molo, limeshuhudia silaha nyingi za aina hiyo kwa muda unaozidi karne moja. Zililetwa na askari wa kikoloni, wawindaji wa ng'ambo na walowezi waliochukua mashamba makubwa baada ya reli kufika Nakuru mwaka 1900. Swali ambalo huulizwa mara kwa mara ni jepesi: ikiwa bunduki yenyewe ni nzima, mbona risasi isitengenezwe tu na fundi hodari?

Jibu ni kwamba inawezekana, na katika mataifa kama Marekani na Uingereza wako watu wanaofanya hivyo kwa idhini ya sheria. Hata hivyo, kazi hiyo si ya kubahatisha. Anayeielewa huelewa pia mambo mengine mawili: kwa nini silaha fulani zilitamba katika historia yetu kisha zikatoweka, na kwa nini vita dhidi ya silaha haramu leo hii ni vita dhidi ya risasi zaidi kuliko bunduki.

Vitu vinne ndani ya kimoja

Lugha yetu yenyewe huchangia utata katika suala hili. Neno 'risasi', lenye asili ya Kiarabu, lina maana tatu. Kwanza ni madini yale mazito na laini ya rangi ya kijivu. Pili ni kichwa kinachoruka kutoka mtutuni. Tatu ni kitu kizima ambacho askari hukipanga ndani ya magazini. Katika makala haya tutakiita kitu hicho kizima risasi, na kile kinachoruka tutakiita kichwa.

Risasi basi ina sehemu nne. Kuna kichwa, kuna baruti inayoungua na kutoa gesi ya kukisukuma, kuna fataki, yaani kikombe kidogo chenye kemikali inayolipuka ikigongwa, ambayo huwasha baruti, na kuna ganda linalovishikilia vyote pamoja.

Kati ya hivyo vinne, vitatu hutumika mara moja tu. Ganda peke yake ndilo linaloweza kuokotwa, kusafishwa, kutiwa fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya, kisha likatumika tena. Ndiyo maana watengenezaji wa risasi za mkono huthamini ganda kuliko kitu kingine chochote.

Ganda huundwa kwa shaba nyeupe, ambayo ni mchanganyiko wa takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki. Madini hayo hayakuchaguliwa kwa ajili ya kung'aa kwake. Baruti inapowaka, ganda hutanuka na kuubana ukuta wa chemba, hivyo kuizuia gesi isirudi nyuma kumchoma mpigaji usoni. Gesi ikishatoka, ganda hunywea kidogo, nalo likaweza kutolewa bila kukwama. Katika bunduki kama ya .303, kanieneo ndani ya chemba hupita pauni 40,000 kwa kila inchi ya mraba. Ganda likipasuka mahali pabaya, nguvu hiyo yote humrudia aliyeshika bunduki.

Majina yanayodanganya

Bunduki hutambulishwa kwa kaliba, yaani kipenyo cha mtutu. Ingefaa basi kuwa rahisi kujua ni risasi gani inaingia bunduki gani. Sivyo ilivyo.

Chukua mfano wa .303, risasi ya ile bunduki ya Kiingereza ambayo Wakenya wengi huijua kwa jina la Mark 4 kwa sababu ya kutumiwa kwa miaka mingi na polisi wa akiba. Nambari hiyo hupima mtutu kutoka tuta hadi tuta la ile mikondo iliyochongwa ndani yake ili kukizungusha kichwa. Kichwa chenyewe kina upana wa karibu inchi .311.

Vivyo hivyo, bunduki ya G3 na ile ya AK-47 zote huitwa za milimita 7.62. Lakini ganda la G3 lina urefu wa milimita 51 na la AK-47 lina milimita 39, na hata vichwa vyake havilingani upana. Risasi ya moja haifai katika nyingine kamwe.

Kosa la kudhani kwamba risasi zinazofanana ni risasi moja limewagharimu watu vidole, macho na hata uhai katika mataifa mengi.

Kutoka Martini hadi Roosevelt

Mwaka 1888 ulikuwa na matukio mawili yanayohusiana na habari hii. Ndio mwaka ambao Kampuni ya Imperial British East Africa ilipewa hati ya kifalme ya kutawala eneo ambalo leo ni Kenya. Ndio mwaka pia ambao jeshi la Uingereza liliikubali risasi ya .303.

Hadi wakati huo, silaha kuu ya Waingereza ilikuwa Martini-Henry, iliyokubaliwa rasmi mwaka 1871, ambayo hutiwa risasi moja moja. Bunduki hizo zilipoondolewa mikononi mwa wanajeshi wa Ulaya zilisambazwa kwa askari wa makoloni, Afrika Mashariki ikiwamo. Risasi yake huitwa .577/450, jina linaloeleza ilivyozaliwa: ganda la zamani la .577 lilibanwa shingoni ili lipokee kichwa cha .450.

Wafaransa walifanya vivyo hivyo mwaka 1886. Walichukua ganda la bunduki yao ya Gras ya milimita 11, wakalibana shingo hadi milimita 8, wakapata risasi ya bunduki ya Lebel iliyotumia baruti isiyo na moshi. Kwa hiyo kufinyanga ganda la risasi moja ili lizae nyingine hakukubuniwa na wapenda silaha wa siku hizi. Ni mbinu ya viwanda vya serikali.

Mbinu hiyo iliwahi kuwatia hofu watawala wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya Uingereza ilipiga marufuku risasi za kaliba ya .450 nchini India na Sudan. Sababu ni kwamba bunduki nyingi za Martini-Henry zilikuwa mikononi mwa waliopinga utawala wake, na ilihofiwa kwamba vichwa vya risasi za wawindaji vingetiwa ndani ya maganda ya Martini. Mafundi wa London walilazimika kubuni kaliba mpya za kuwindia tembo na nyati. Maarufu zaidi kati ya hizo ni .470, ambayo baadaye ilipendwa mno na waliowaongoza wawindaji Afrika Mashariki. Kaliba moja ilififia na nyingine ikanawiri kwa sababu ya amri ya serikali, si kwa ubora wa chuma.

Mgeni aliyejulikana zaidi kupita Bonde la Ufa na bunduki alikuwa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameondoka madarakani kama rais wa Marekani mwezi Machi mwaka 1909. Katika msafara wake wa mwaka huo, uliomfikisha Ziwa Naivasha kuwinda viboko, alibeba bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland ya kaliba ya .500/450, Winchester ya .405, na Springfield ya jeshi la nchi yake. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika msafara huo mzima.

Kati ya kaliba hizo tatu, ni ile ya Springfield pekee ambayo haikupungukiwa na risasi katika karne nzima iliyofuata. Ile ya .405 iliachwa na viwanda baada ya miongo michache, na wenye bunduki hizo wakabaki kutegemea maganda ya kubuni. Ilifufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 pale bunduki hiyo ilipoundwa upya na kiwanda kikaanza tena kutoa risasi zake.

Ganda linavyoundwa upya

Fundi anayekabiliwa na bunduki isiyo na risasi huanza kwa kupima. Hujaza chemba kwa madini yanayoyeyuka kwa joto dogo, huyatoa yakishaganda, kisha hupima kila sehemu ya umbo hilo. Jina lililochongwa kwenye mtutu halimtoshi, kwani huenda bunduki ilitobolewa upya na mmiliki wa awali.

Baada ya hapo hutafuta ganda la kisasa linalokaribiana na lile lililopotea. Kipimo muhimu zaidi ni kitako, kwa sababu mwili na shingo ya ganda vyaweza kubanwa, kutanuliwa au kukatwa, lakini kitako ni kinene na hakibadiliki kirahisi. Kwa Martini-Henry, wengi hutumia maganda ya shaba ya bunduki za marisau za namba 24, ambayo kipenyo chake chakaribia kile cha .577.

Ganda hilo hupakwa mafuta na kusukumwa polepole ndani ya kalibu za chuma, moja baada ya nyingine, kila kalibu ikilibana zaidi kidogo. Shaba inayobanwa huwa ngumu, na ikizidi ugumu hupasuka. Kwa hiyo fundi husimama katikati ya kazi na kuipasha moto sehemu ya shingo ili irejee ulaini wake. Hapo ndipo penye hatari ambayo wanagenzi wengi hawaioni: joto likifika kwenye kitako, nacho hulainika, na kitako laini hakiwezi kuhimili mlipuko. Ganda la aina hiyo huonekana zuri kabisa kwa macho ilhali haliaminiki.

Shingo hukatwa hadi urefu unaotakiwa. Mwishoni, ganda hufyatuliwa kwa baruti kidogo ndani ya bunduki yenyewe ili litanuke na kuchukua umbo kamili la chemba hiyo. Kuanzia hapo ganda hilo ni la bunduki moja. Huenda lisiingie katika bunduki ya pili ya aina ileile.

Wakoloni wenyewe walilipia ujinga katika jambo hili. Maganda ya kwanza ya Martini-Henry yalikuwa ya karatasi nyembamba ya shaba iliyoviringwa. Katika vita vya Sudan vya mwaka 1884 na 1885, bunduki zilipopata moto na kuingia mchanga, maganda hayo yalichanika na kukwama huku adui akikaribia. Ndipo jeshi lilipohamia maganda ya kipande kimoja kilichovutwa.

Baruti si chumvi ya mchuzi

Hata ganda likiwa kamilifu, limebaki suala la baruti. Bunduki za kabla ya miaka ya 1890 ziliundwa kwa baruti nyeusi, mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, ambayo huungua kwa kanieneo ya chini na kutoa moshi mwingi. Baruti ya kisasa isiyo na moshi ina nguvu maradufu na zaidi. Ukijaza ganda la Martini kwa baruti ya kisasa kwa kipimo kilekile cha baruti nyeusi, hutakuwa na risasi. Utakuwa na bomu.

Zipo baruti za kisasa zisizojaza nusu ya ganda, na katika ganda kubwa mtu asiye makini anaweza kumimina mara mbili bila kugundua. Aidha, aina moja haiwezi kubadilishwa na nyingine kwa sababu tu rangi na chembe zake zafanana. Mafundi wanaodumu katika kazi hii hupima kila mzigo kwa mizani, huandika kila kitu, na hawafanyi kazi hiyo wakiwa wamechoka.

Fataki nazo zina historia yake. Fataki nyingi za zamani zilikuwa na zebaki, ambayo baada ya mlipuko hupenya ndani ya shaba na kuifanya iwe dhaifu kama kigae. Ndiyo sababu rundo la maganda ya kale linalopatikana katika ghala la shamba, hata liking'aa, si hazina.

Naivasha, 1953

Tatizo la risasi liliwahi kuamua mambo makubwa zaidi ya uwindaji. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau waliingia msituni wakiwa na bunduki chache na risasi chache zaidi. Walijiundia bunduki kwa vipande vya bomba la maji, makomeo ya milango na mipira ya magurudumu. Nyingi zilifyatua kweli, lakini baadhi ziliwapasukia waliozishika, kwa kuwa bomba la maji halikuundwa kuhimili kanieneo ya risasi ya .303.

Mtutu ungeweza kuigizwa. Risasi haikuwa na mbadala, kwani msituni hapakuwa na kiwanda cha fataki wala baruti. Usiku wa Machi 26, 1953, wapiganaji walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakawaachilia zaidi ya wafungwa 150 na kutoweka na bunduki pamoja na shehena ya risasi. Uvamizi huo uliitikisa serikali ya kikoloni kwa sababu ulijaza pengo ambalo hakuna fundi wa msituni angeliziba.

Serikali nayo ilijua udhaifu huo. Chini ya kanuni za hali ya hatari, kupatikana na risasi bila idhini kulitosha kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Dedan Kimathi, aliyenyongwa Februari 18, 1957, alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi zake.

Baada ya uhuru, bunduki kubwa za kuwindia ziliendelea kutumika hadi Mei 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji. Tangu siku hiyo hapakuwa na sababu ya mfanyabiashara yeyote kuagiza risasi za tembo. Wakati huohuo viwanda vya Uingereza vilivyozitengeneza vilikuwa vimekwisha kuziacha. Bunduki zilizobaki zilikosa kazi na zikakosa chakula.

Kaliba na usalama wa leo

Msomaji aweza kudhani haya ni ya wakusanyaji wa vitu vya kale tu. La hasha. Kanuni iliyoinyamazisha bunduki ya mlowezi wa Njoro ndiyo inayotawala mapigano ya wizi wa mifugo kaskazini mwa Bonde la Ufa: mwenye bunduki hupigana kwa muda ule tu anaopata risasi za kaliba yake.

Kenya ina kiwanda chake cha risasi mjini Eldoret, chini ya shirika la serikali lililoanzishwa mwaka 1997. Mwaka 2008, taasisi ya utafiti wa silaha ndogondogo ya Small Arms Survey yenye makao yake Geneva ilichapisha ripoti kuhusu risasi haramu katika Turkana Kaskazini. Ripoti hiyo ilieleza kwamba karibu nusu ya risasi hizo zilitoka katika ghala za dola yenyewe. Watafiti walifikia kauli hiyo kwa kusoma alama zilizopigwa kwenye vitako vya maganda, ambazo huonyesha kiwanda na mwaka.

Hapa ndipo ganda lililofinyangwa upya linapotatiza. Hubeba alama za risasi lililotokana nayo, si za risasi lililogeuzwa kuwa. Mpelelezi anayeliokota huenda akapotezwa njia, na raia anayelikuta akaamini ni la bunduki nyingine.

Kwa sababu hizi sheria zetu hazichukulii suala hili kwa mzaha. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka mwenye bunduki awe na cheti kinachotaja silaha yenyewe na kiasi cha risasi anachoruhusiwa kuwa nacho. Baruti nayo husimamiwa na Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Isitoshe, Kenya ni miongoni mwa mataifa yaliyotia saini Mkataba wa Nairobi wa Aprili 21, 2004, unaoyataka kuharamisha utengenezaji wa silaha na risasi usioidhinishwa. Mnamo Novemba 2016, bunduki 5,250 ziliteketezwa huko Ngong. Hatua hiyo inafaa, ila bunduki iliyoteketezwa hupunguza hatari kwa moja, ilhali mfereji wa risasi ukizibwa hunyamazisha bunduki zote za kaliba hiyo.

Ukikuta bunduki ya zamani

Zipo familia ambazo hununua shamba au kurithi nyumba ya kale na kukuta bunduki darini au risasi zilizooza ndani ya sanduku. La kwanza ni kutoijaribu. Usiifungue kwa nguvu, usiingize risasi yoyote hata kama yaonekana kutosha, wala usimpelekee fundi wa jua kali. Usizichome risasi hizo kwenye moto wala kuzizika shambani, mahali ambapo jembe la mjukuu litazigonga.

La pili ni kuwaarifu polisi mapema na kuwaomba waje kuichukua pale ilipo, badala ya kutembea nayo barabarani. Ukimya ndio humgeuza mrithi asiye na hatia kuwa mshukiwa. Iwapo silaha hiyo ina thamani ya kihistoria, jambo hilo laweza kuelezwa wakati huohuo ili wataalamu wa makumbusho wahusishwe kabla haijaharibiwa.

Bunduki hizi zimebeba sehemu ya historia ya Nakuru na viunga vyake, ya waliotawala na ya waliopigania ardhi yao. Historia hiyo yaweza kusomwa na kuhifadhiwa hata kama bunduki zenyewe hazitafyatuliwa tena. Wahenga walisema mchezea wembe humkata mwenyewe. Sembuse risasi ambayo aliyeiunda amekwisha kufa na kiwanda chake kimekwisha kufungwa.